Mchele Ndani ya Kopo la Chai

Wiki iliyopita niliunguza mchele, na nyumba nzima ikanijia juu. Mume wangu alifungua madirisha yote huku akikohoa, kikohozi cha makusudi, namjua. Watoto wakaziba pua. "Mama, ulisahau sufuria?" Nikawaambia ndiyo, nilisahau. Uongo mtupu. Nilikuwa nimesimama pale pale, mwiko mkononi, nikitazama punje zikitoka weupe zikawa kahawia, zikatoka kahawia zikawa makaa, na sikuziepua. Kwa nini sikuziepua nitasema, ila itabidi nianzie Milimani, mtaa wa matajiri, jikoni mwa watu, nikiwa na miaka tisa na roho mkononi.

Tuliishi kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa, mimi na mama yangu tu, kwa sababu baba alikuwa ameshatangulia. Mama alikuwa mpishi wa nyumba ile. Bwana wa nyumba alikuwa mhandisi Mjapani aliyefanya kazi za maji kule Sondu. Alishinda huko wiki nzima na kurudi Ijumaa, gari likiwa tope tupu. Mkewe tulimwita Madam. Alikuwa mwanamke mfupi, mtaratibu, aliyejifunza Kiswahili kwenye daftari na kukisema neno moja moja, bila kuruka hata moja. Chumba chetu kilikwenda na kazi ya mama. Kazi ikiisha, tunabeba godoro. Hilo nililijua vizuri kama jina langu.

Kabla yake mpishi alikuwa Mama Rosa, na mama alikuwa mfuaji tu. Siku moja mhandisi aliuma jiwe kwenye wali. Nilikuwa nje ya dirisha, nikasikia krr. Juma lililofuata Mama Rosa aliingia kwenye gari la Madam na sanduku lake la bati, gari likatoka getini, na Mama Rosa hakurudi tena. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Niliyaunganisha mwenyewe, na nikishaunganisha kitu kichwani mwangu, hata leo, ni kazi kukitenganisha.

Ndiyo maana nilipogundua kwamba mama haoni vizuri, usingizi ulinipaa. Mbali aliona kuliko mimi. Mtu akiwa kule kwenye kona ya barabara, mama alishamjua kwa mwendo. Lakini kitu cha karibu kilimpotea. Sindano alinipa mimi: "Nitungie uzi, niko na haraka." Barua ya shule: "Nisomee, mikono iko na unga." Haraka na unga havikuisha mwaka mzima. Nilipomuuliza, alinishika sikio, si kwa nguvu, akaniambia: "Macho yangu ni maneno ya hii chumba. Haivuki hiyo mlango. Umesikia?" Nikasema nimesikia.

Basi kuchambua mchele kukawa kazi yangu. Mchele wa Ahero wa siku zile ulikuja na kila kitu: vijiwe, chuya, vijiti, wakati mwingine mdudu mzima mwenye afya yake. Nilikaa kizingitini na uteo mapajani, nikivuta punje kwa kidole kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mama akikaa kando yangu akimenya vitunguu na kunisimulia habari za watu. Umbea wa Milimani yote aliujua, aliupata kwa wafuaji. Akikumbuka kazi alisema, "Jiwe moja tu, Achieng'. Jiwe moja, na sisi tuko barabarani." Sikuwahi kupitisha hata moja. Nilijivuna, acha niseme ukweli. Hakuna kitu nilichokiweza kama hicho, na hakuna mahali nilipopapenda kama hapo kizingitini.

Jumamosi moja mhandisi alikuwa anakuja na mgeni, mzee mmoja, bosi wake, aliyetoka Japani kukagua kazi. Wiki hiyo Madam hakutulia. Alibadilisha kitambaa cha meza mara tatu. Ijumaa akatoa kopo jembamba la kijani kwenye rafu ya juu, akaliweka karibu na vikombe visivyo na mkono, akamwambia mama: "Hii chai inatoka kwa mama yangu. Ni ya mwisho. Kesho, baada ya chakula." Mama akasema sawa, Madam. Alipoondoka, mama alinong'ona kwamba chai gani hiyo ya mgeni haina maziwa wala sukari. Kwetu strungi ya namna hiyo anapewa mgonjwa.

Asubuhi yake mama alikwenda kwa wavuvi wa Dunga kununua ngege. Samaki alimchagua kwa kidole na pua, huko hakuhitaji macho. Mimi aliniachia maagizo: nichambue mchele wa mchana, niuoshe, niuloweke, nipanguse makopo, paka asiingie. Madam alikuwa bustanini akikata maua. Mchele niliumaliza. Nikaanza kupangusa. Lile kopo la kijani lilikuwa jepesi, na kifuniko chake hakikubana. Nikakifungua ili nikibane vizuri. Ndivyo nilivyojiambia.

Ndani mlikuwa na majani makavu, membamba, ya kijani. Na mchele.

Yawa! Mchele, ndani ya chai ya mgeni! Na si mchele safi. Punje zilikuwa za kahawia, nyingine zimepasuka na kutoa weupe nje mfano wa bisi. Hapo hapo nikajua kilichotokea. Mama, na macho yake yale, alikuwa amekaanga kitu kando ya kopo, au amemwaga takataka za uteo humo akidhani ni pipa, na hakuona. Kwenye kopo lililotoka kwa mama yake Madam. La mwisho. Nikasikia tena ile krr ya meno ya mhandisi, nikaona gari likitoka getini.

Sikulia. Nilifanya nilichokijua. Nilitandika gazeti, nikaleta uteo, nikamwaga kopo lote, nikaanza kuchambua. Sijawahi kuchambua vile maishani. Majani yalikuwa mepesi, ukipumua tu yanaruka, kwa hiyo nilipumulia pembeni. Punje moja, nyingine, nyingine. Nje nilisikia mkasi wa Madam ukikata, ukinyamaza, ukikata, na kila uliponyamaza niliganda. Jasho likanitiririka hadi machoni. Mchele ulikuwa mwingi, karibu nusu ya kopo, jambo ambalo lingemfikirisha mtu yeyote mwenye akili zake, lakini mtoto akishaogopa hafikiri. Anachambua.

Shida ikawa pa kuutupa. Pipani ungeonekana. Nikatia punje chache mdomoni. Jamani! Ilikuwa ladha ya ukoko, ule ukoko wa chini ya sufuria tuliougombania sisi watoto, lakini mkavu, wenye utamu wake, unaovunjika wenyewe ukiugusa kwa jino. Nikatafuna ushahidi wote. Mama alipoingia na ndoo ya samaki, kopo lilikuwa limefungwa, majani safi kabisa ndani, nami nimeshika kitambaa, napangusa makopo. Sikumwambia. Ningemwambiaje mama yangu kwamba macho yake nusura yatutoe nyumbani?

Mhandisi akaja na mgeni wake, wakala. Yule mzee alimla ngege kwa vidole hadi kichwa, na mama alifurahi kusikia akinyonya mifupa. Wali ukapita bila jiwe. Mimi nyuma ya mlango wa jikoni nikaanza kupumua. Kisha Madam akaingia kutengeneza chai mwenyewe. Alimimina maji ambayo hayakuchemka sana, akafunika birika dogo, akainamia mvuke. Akasubiri. Akainama tena, akanusa. Akalifungua kopo na kulitazama kwa muda mrefu, na uso wake ambao siku zote ulikuwa mtulivu ukabadilika.

"Mama Achieng'," alisema polepole. "Nani amefungua hii?"

"Hakuna mtu, Madam."

"Tafadhali, tazama ndani."

Mama alilichukua kopo. Alilisogeza karibu na uso, akalipeleka mbali, akaligeuzia upande wa dirisha. Mimi najua alichokiona: ukungu wa kijani. "Iko sawa, Madam," akasema.

"Unaona nini?"

"Majani ya chai."

"Na mchele?"

Mama alianza kufuta mikono kwenye aproni, na mikono yenyewe haikuwa na maji. Nilimwona anavyopima jibu lipi ni salama, kuna au hakuna, na hana la kumsaidia kuamua. "Iko, Madam," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Mchele pia iko."

Haikuwako hata punje moja. Nilijua mimi. Na hapo ndipo nilipoelewa, kwa kuchelewa kama kawaida yangu, kwamba ule mchele ulikuwa mahali pake tangu mwanzo. Mtu huko mbali aliukaanga na kuuchanganya na chai kwa makusudi, na mimi nimemlia mama yake Madam jasho lake. Sasa mama yangu alikuwa anashikwa na uongo kwa kosa langu.

Nikatoka nyuma ya mlango. "Ni mimi," nikasema. "Niliuchambua. Nikaula."

"Kwa nini?" Madam hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepiga kelele.

"Nilidhani mama ameumwaga humo bila kuona. Mama haoni vitu vya karibu. Hata vijiwe haoni, ni mimi nachambua. Lakini mbali anaona, Madam! Mbali anaona vizuri sana!"

Nilipofunga mdomo ndipo nikasikia nilichosema. Mama hakunitazama. Aliweka kopo mezani taratibu, akavua aproni, akaikunja mara nne. Nilimjua mama yangu. Alikuwa anajifukuza mwenyewe kabla hajafukuzwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kutoka sebuleni mhandisi aliita jambo kwa Kijapani. Chai ilikuwa inangojwa. Madam alitazama mlango, akatazama bakuli kando ya sinki, lenye mchele uliobaki wa ule nilioloweka asubuhi. "Mama Achieng'," akasema, "unaweza kukaanga mchele?"

Mama alisimama kidogo na aproni yake mkononi. Halafu akaitupa kitini, akauchuja mchele, akaukausha kwa kitambaa, akabandika sufuria kavu motoni. Aliukoroga bila kuutazama. Uso alikuwa ameuelekeza dirishani, kichwa kimeinama upande mmoja, anasikiliza. Mwanzo mchele ulinyamaza. Kisha ukaanza kugonga sufuria, tik, tik. Madam akanyoosha mkono kuuepua.

"Bado," mama akasema, na nikashtuka, kwa sababu hakuongeza Madam.

Harufu ikapanda. Punje moja ikapasuka, ikaruka. "Bado." Nyingine mbili. Mhandisi akaita tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Madam alikuwa ameuma mdomo. "Bado kidogo... Toa!" Wakaepua kwa pamoja, mikono minne kwenye sufuria moja.

Madam akachanganya mchele na majani, akamimina maji, akafunika. Kabla ya kupeleka sebuleni alijaza vikombe vitatu: chake, cha mama, na changu. Tulionja tukiwa tumesimama. Mwanzo niliona ni maji ya mboga, machungu kidogo, nikataka kutema. Halafu nyuma yake ukaja ule ukoko, ukateremka na joto lake, ukabaki kooni. Sikujua kama ni tamu au si tamu. Nilikuwa namtazama Madam, maana chumba chetu na godoro letu vilitegemea uso ule. Alimeza. Akafumba macho. Chozi likatoka, akalifuta haraka kwa mgongo wa mkono.

"Si ya mama yangu," akasema. Akachukua sinia, akaenda.

Tulibaki tumesimama. Tulimsikia mzee akinywa kwa kuvuta, kisha akisema neno moja. Birika likarudi jikoni tupu, likajazwa tena, lakini habari ya macho hakuna aliyeigusa. Jioni chumbani mama alinitamkia sentensi moja tu: "Umeanika macho yangu mbele ya watu." Jumapili kanisani hakuimba. Nilitamani anichape tuyamalize, lakini hakunichapa.

Jumatatu asubuhi Madam alisimama uani na funguo za gari. "Mama Achieng', twende." Mama alivaa gauni lake la kanisani. Hakubeba sanduku, nikajiambia sanduku litafuata. Gari likatoka getini vile vile lilivyotoka na Mama Rosa. Niliingia chumbani nikaanza kufunga. Nilikunja mablanketi, nikatia vyombo kwenye ndoo, nikalikaza godoro kwa kamba na goti, nikaweka uteo juu. Kisha nikaukalia mzigo huo mlangoni. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, mimi sijala, napanga maneno nitakayomwambia bibi kule nyumbani, kwamba ni mdomo wangu uliotufikisha kwake.

Gari lilirudi mchana. Mama alishuka, na usoni alikuwa na miwani. Fremu ya kahawia, kubwa, akaonekana mwalimu mkuu kabisa. Alitembea kwa kunyanyua miguu juu, kama anavuka matope, maana ardhi ilikuwa imemsogelea ghafla. Akautazama mzigo, akanitazama mimi juu yake.

"Na wewe unahamia wapi?"

"Si tumefukuzwa? Kama Mama Rosa?"

"Mama Rosa alifukuzwa na nani, wewe? Msichana wake alizaa mapacha huko Sondu, Madam akampeleka na gari! Ai yawa, huyu mtoto!" Alicheka mpaka akavua miwani kuipangusa. "Fungua hiyo godoro kabla Madam hajaona. Atafikiri tumemkataa."

Nikacheka na kulia kwa wakati mmoja, nikafungua godoro. Sijui furaha nyingine niliyowahi kuipata inayofikia ile.

Lakini jioni nilichukua uteo, nikaenda kizingitini, nikamwaga mchele, na mama akaja akauondoa mapajani mwangu. "Lete. Wewe nenda ucheze." Akachambua mwenyewe, haraka kuliko mimi. Akipata kijiwe alikiinua juu kwenye mwanga, akakifurahia, akakitupa. Nilisimama pale mikono mitupu. Kumbe kweli kuna mtu alifukuzwa kazi wiki ile, na ni mimi. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia peke yangu, na sijawahi kumwambia mtu hadi leo, maana utamwambiaje mtu kwamba ulilia kwa sababu mama yako ameanza kuona?

Madam alikaa hadi kazi ya Sondu ilipokwisha. Kila lilipofika kopo jipya la chai ya dukani, yeye na mama walikaanga mchele wa kuchanganya nayo, na mama akaja kuipenda chai ile kuliko ya maziwa, akiidai hata kwa wageni wake wa kanisani, ambao waliinywa kwa heshima tu. Sisi tulihama Milimani baadaye kwa miguu yetu wenyewe.

Uzeeni macho yakamwisha kabisa, ya karibu na ya mbali, miwani ikawa pambo. Miezi yake ya mwisho nilikaa naye. Siku moja alipapasa ukutani, akautoa uteo, akanisukumia. "Haya, chambua. Tunywe ile chai ya Madam." Nilikaa kizingitini, mwanamke mzima mwenye watoto, nikavuta punje kwa kidole, naye akanisimulia umbea wa watu ambao nusu yao wameshakufa. Nikabandika sufuria. Akainamisha kichwa. "Bado. Bado. Toa!" Tulifanya hivyo kila Jumamosi, na hakukosea hata mara moja.

Tumemzika. Wiki iliyopita nilinunua mchele, huu wa siku hizi wa pakiti, safi, hauna hata kijiwe, lakini niliuchambua. Nikaubandika. Ukagonga, ukapasuka, harufu ikapanda jikoni kote. Nikainamisha kichwa, nikasikiliza. Na mume wangu alipokuwa akifungua madirisha na kukohoa kikohozi chake, mimi nilikuwa bado nimesimama na mwiko, nangoja mama aseme toa.